Geji ya Hewa na Mafuta: Nani Anaihitaji, na Achague Ipi?

Kwenye maduka ya vifaa vya magari, geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta huuzwa bega kwa bega na geji ya joto, ya presha ya oili na ya tabo. Mnunuzi huona taa za rangi na namba zinazocheza, akaamini kwamba akiifunga kwenye dashibodi gari litaacha kula mafuta au litaongeza nguvu. Geji haifanyi lolote kati ya hayo. Inatoa taarifa tu, na taarifa yenyewe huaminika pale sensa inapokuwa ya aina inayofaa, imefungwa mahali panapofaa, na yupo mtu wa kuifanyia kazi.

Kwa hiyo swali la "ninunue geji gani?" huja mwishoni. Kwanza mwenye gari ajue anatafuta nini, sensa ipi inaweza kumjibu, na akishajibiwa atarekebisha kitu gani. Uchambuzi huu unafuata mpangilio huo.

Namba 14.7

Ili kilo moja ya petroli iungue yote bila kubakiza mafuta wala oksijeni, inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli hutumia karibu lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari. Uwiano ukishuka hadi 12, mafuta yamezidi na mchanganyiko ni mzito. Ukipanda hadi 16, hewa imezidi na mchanganyiko ni mwepesi.

Injini haitaki namba moja wakati wote. Gari likiwa limesimama linanguruma, au likitembea barabarani kwa mwendo wa kawaida, kompyuta yake huushikilia mchanganyiko karibu na 14.7. Hapo ndipo katalitiki, lile sega lililo ndani ya ekzosi, husafisha vizuri zaidi gesi zote tatu zenye madhara. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, injini isiyo na tabo hutoa nguvu nyingi ikiwa kati ya 12.5 na 13. Yenye tabo huhitaji uzito zaidi, mara nyingi kati ya 11 na 12, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba cha mwako na kuzuia injini kugonga.

Namba hizi zina gharama zake. Injini ya tabo ikipandisha mlima wa Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu huku mchanganyiko wake ni mwepesi kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kutoboka ndani ya muda mfupi. Mchanganyiko uliozidi uzito huua polepole: petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, plagi huwa nyeusi, na mafuta yasiyoungua huenda kuungulia ndani ya katalitiki mpaka ikayeyuka.

Kipo kipimo kingine ambacho wataalamu hukipendelea, nacho ni lamda. Huu ni uwiano uliopo ukigawanywa kwa uwiano kamili wa mafuta yanayotumika. Lamda 1.00 maana yake hewa na mafuta vimetosheana, chini ya hapo ni mzito, juu ya hapo ni mwepesi. Faida yake ni kwamba haijali aina ya mafuta. Uwiano kamili wa ethanoli ni karibu 9, wa methani ni karibu 17.2, lakini kwa yote mawili lamda ni 1.00.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wenye magari ya Dar es Salaam waliofunga mfumo wa gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Sensa haipimi petroli wala gesi, inapima oksijeni iliyobaki au iliyopungua kwenye moshi. Geji huchukua jibu hilo na kulizidisha kwa 14.7 kwa sababu imetengenezwa ikidhani tanki lina petroli. Gari la gesi likiwa sawasawa kabisa, geji itaandika 14.7 ilhali uwiano halisi ni 17.2, na fundi asiyejua hilo atajikuta anarekebisha kisichoharibika. Mwenye gari la mifumo miwili anunue geji inayoweza kuonyesha lamda.

Sensa mbili zenye majibu tofauti

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuzalisha sensa ya lamda kwa wingi mwaka 1976, na gari la kwanza kuitumia lilikuwa Volvo ya familia ya 240 iliyouzwa Marekani, wakati jimbo la California likiwa limekaza sheria za moshi. Sensa hiyo ilikuwa na kauri ya zirkonia. Ikipata joto la kutosha, kuanzia nyuzi 300 hivi za selsiasi, kauri hiyo hutoa umeme mdogo kufuatana na tofauti ya oksijeni kati ya moshi wa ndani na hewa ya nje.

Umeme huo una tabia ya pekee. Mchanganyiko ukiwa mzito, huwa karibu volti 0.9. Ukiwa mwepesi, karibu volti 0.1. Katikati, kwenye lamda 1.00, huruka ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kompyuta ya gari huhitaji mruko huo tu: ikiona mzito hupunguza mafuta, ikiona mwepesi huongeza, na mchezo huo hujirudia tena na tena. Hii ndiyo sensa ya wigo mwembamba. Ni kama muuzaji ambaye kila ukimuuliza bei hujibu "ghali" au "rahisi" bila kutaja shilingi.

Udhaifu wake huonekana pale injini inapofanya kazi ngumu. Kati ya uwiano wa 13 na 11 volti zake hubadilika kidogo mno, tena huyumba kufuatana na joto la sensa yenyewe. Volti 0.85 inaweza kumaanisha hali salama, na inaweza kumaanisha hali ya hatari. Geji za bei ndogo zenye mstari wa taa nyekundu, njano na kijani huunganishwa kwenye waya wa sensa hii. Taa zake hucheza kwa sababu kompyuta inafanya kazi yake ya kawaida, na dereva hapati chochote cha kumsaidia kuamua. Kwa kurekebisha injini, geji ya namna hiyo ni pambo.

Sensa ya wigo mpana ilikuja baadaye, na Bosch ilianza kuitoa kwa wingi mwaka 1994. Ndani yake kuna seli mbili. Moja hupima oksijeni kama ile ya zamani, na nyingine ni pampu inayoingiza au kutoa oksijeni kwenye chumba kidogo mpaka hali ya humo iwe lamda 1.00. Kiasi cha umeme kinachohitajika kuendesha pampu ndicho kinachosema mchanganyiko uko umbali gani kutoka hapo, na kwa upande upi. Jibu lake ni namba kamili: 11.4, 12.8, 15.1.

Sensa hii haiwezi kujitegemea. Inahitaji kidhibiti cha kielektroniki cha kusimamia pampu na kuishikilia kauri kwenye joto maalumu, takriban nyuzi 750 kwa Bosch LSU 4.2 na 780 kwa LSU 4.9. Ndiyo sababu geji yake ni ghali, na ndiyo sababu huwezi kuchomoa sensa ya kiwandani ukaweka hii kwenye soketi ileile.

Zote mbili zina adui wa zamani, madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuyaondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondoka kwenye vituo vya Afrika Mashariki. Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi lilitangaza kwamba dunia nzima imeiacha kwenye magari, baada ya Algeria kumaliza akiba yake. Bila hatua hiyo, sensa ya gari lililoshushwa kutoka Japani isingedumu kwenye barabara zetu.

Skana kwanza

Magari mengi ya Kenya na Tanzania ni ya Japani yaliyotumika, yenye injini zisizoguswa tangu kiwandani. Mwenye gari la namna hiyo anapolalamika kwamba linakula mafuta, kifaa cha kwanza ni skana. Gari lake tayari lina sensa na kompyuta. Linachohitaji ni mtu wa kusoma yanayosemwa.

Fundi atazame marekebisho ya mafuta, yale ya papo kwa papo na yale ya muda mrefu. Haya ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kufikia lengo. Jumla yake ikikaa ndani ya kumi juu au kumi chini, kwa kawaida mfumo uko salama. Ikiwa kompyuta inaongeza asilimia 20, kuna hewa inayoingia kwa wizi, sensa ya kupima hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kodi ya hitilafu P0171 ikitokea kwenye skana, maana yake kompyuta imeona mchanganyiko ni mwepesi. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali sensa ndiyo iliyotoa taarifa sahihi. Kubadilisha sensa kunastahili kodi zinazoituhumu yenyewe, kama P0135 ya hita yake au P0133 ya uzito wa kujibu, na hata hizo zithibitishwe kwa kupima nyaya na fyuzi. P0420 huhusu uwezo wa katalitiki, na chanzo chake mara nyingine ni ekzosi inayovuja au katalitiki iliyokwisha kutolewa ikauzwa.

Sensa ikionekana kweli imekufa, inunuliwe kwa namba ya spea ya gari husika. Hesabu ya nyaya haitoshi kuitambua. Toyota nyingi zina sensa ya mbele ya wigo mpana iliyotengenezwa na Denso, yenye nyaya nne kama ilivyo sensa ya kawaida ya nyuma, lakini zinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Baadhi ya Nissan za zamani hutumia sensa ya titania isiyobadilishana na ya zirkonia.

Sensa za kuunga nyaya huokoa fedha, ila muungo ubanwe kwa vibano vyake, usichomwe kwa risasi wala kupakwa grisi. Sensa nyingi hupata hewa ya nje ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na njia hiyo ikizibwa majibu huharibika. Sensa yenye hita hutarajiwa kudumu takriban kilomita 100,000 hadi 160,000. Ikifa mapema, atafutwe muuaji wake: oili inayoungua, kulanti inayoingia kwenye silinda, au gundi ya silikoni isiyo ya aina salama kwa sensa iliyopakwa kwenye gasketi.

Magari ya Japani ya zamani zaidi huenda yasizungumze na skana nafuu. Huko sensa ya wigo mpana ya kuazima ina nafasi yake, kama ilivyo kwa kabureta.

Kabureta na mwinuko

Kabureta haina kompyuta wala sensa, haijui iko wapi. Mgandamizo wa hewa wa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, uko takriban asilimia 18 chini ya ule wa Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa vizuri Mombasa ikifika Nairobi huendelea kumimina mafuta kana kwamba hewa haijapungua, na mchanganyiko huongezeka uzito kwa asilimia 8 hivi. Palipokuwa 13.5 panashuka karibu na 12.4. Rangi ya plagi inaweza kumwelekeza fundi mzoefu, lakini haimwambii tatizo liko kwenye mwendo mdogo, mwendo wa kati, au mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Sensa ya wigo mpana humwambia katika safari moja.

Hata hivyo mwenye gari la kabureta hana haja ya geji ya kudumu. Akishabadilisha jeti na kurekebisha, kazi imeisha. Anayestahili kuimiliki ni gereji, itumike kwa wateja wote. Gari la dizeli nalo liwekwe kando: injini yake hufanya kazi na hewa iliyozidi karibu wakati wote, na aliyeiongezea nguvu atanufaika zaidi na geji ya joto la moshi.

Ukiamua kununua

Wanaobaki ni wenye injini zilizobadilishwa: Subaru iliyoongezewa presha ya tabo, gari lililoandikwa upya programu ya kompyuta, lililobadilishwa nozeli au pampu, na magari ya mbio. Hawa wanahitaji geji ya wigo mpana iliyofungwa moja kwa moja, kwa sababu pampu ikidhoofika au filta ikiziba, namba itapanda kabla injini haijagonga. Waangalie mambo manne.

La kwanza ni sensa inayokuja na geji. LSU 4.9 ni bora kuliko 4.2 kwa kazi hii. Ile ya zamani hutegemea hewa ya nje kama kilinganishi, hivyo moshi au mvuke wa mafuta ukiizunguka huanza kukosea, na inahitaji kurekebishwa kwenye hewa safi mara kwa mara. LSU 4.9 hujitengenezea kilinganishi chake ndani. Geji ya AEM ya X-Series hutumia 4.9. Geji ya Innovate MTX-L ya awali ilitumia 4.2, na MTX-L Plus ikahamia 4.9. Sensa hizi mbili hazibadilishani, na jina la kampuni peke yake halitoshi kumwambia mnunuzi geji iliyo mkononi ni ya kizazi kipi.

La pili ni upatikanaji wa sensa. Geji inaweza kudumu miaka mingi, sensa ni kitu cha kuchakaa, na kwenye injini inayokimbizwa kwa mchanganyiko mzito haifiki umri wa kiwandani. LSU 4.9 yenye namba ya Bosch 0 258 017 025 hutumiwa na geji nyingi, kwa hiyo kuipata ni rahisi kuliko sensa ya kampuni moja tu. Bandia pia zipo. Sensa inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kawaida ina kila dalili ya kuwa bandia. Kwa Marekani, geji nzuri pamoja na sensa yake huwa karibu dola 200, kabla ya usafiri na ushuru.

La tatu ni namna geji inavyopeleka taarifa. Nyingi hutoa volti 0 hadi 5 kwenda kwenye kompyuta au kifaa cha kurekodi, na kila kampuni ina fomula yake. Kwa AEM ya X-Series, volti huzidishwa kwa 2.375 kisha hujumlishwa 7.3125, hivyo volti 2 ni uwiano wa 12.06. Waya wa hasi wa geji na ule wa kompyuta vikifungwa sehemu tofauti za bodi, tofauti ya volti 0.1 tu hupotosha uwiano kwa karibu 0.24. Fundi ataona 11.8 kwenye geji na 12.0 kwenye kompyuta, asijue aamini ipi. Dawa ni kufunga hasi zote pamoja, au kuchagua geji yenye njia ya kidijitali ya CAN ambayo haina tatizo hilo.

La nne ni kurekodi. Dereva aliyekanyaga mafuta hadi mwisho anatakiwa kutazama barabara, na namba muhimu hupita katika sekunde mbili tatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Geji inayorekodi uwiano pamoja na mzunguko wa injini na presha ya tabo ina thamani kuliko yenye uso mzuri. Ukubwa wa kioo na rangi ya taa vije mwisho.

Mahali pa kuifunga

Geji bora iliyofungwa vibaya hupotosha zaidi kuliko kutokuwa na geji. Sensa iwe kabla ya katalitiki, kwa kuwa katalitiki hubadilisha moshi. Kwenye injini yenye tabo iwe baada ya tabo, kwani kabla yake joto na mgandamizo ni mkubwa mno. LSU 4.9 imetengenezwa kwa moshi usiozidi nyuzi 930 hivi. Nati ya kuchomelea ina uzi wa M18 kwa 1.5, na iwekwe upande wa juu wa bomba ili sensa iinamie chini kwa angalau nyuzi 10 kutoka mlalo. Ikilala au kutazama juu, maji ya mvuke hukusanyika, na tone moja likigusa kauri yenye moto huipasua.

Uvujaji wowote wa ekzosi kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, na geji husoma wepesi usiokuwepo. Plagi inayokosa kuwaka hufanya vivyo hivyo, kwa sababu oksijeni ya silinda ile hutoka bila kutumika. Katika hali zote mbili, anayeongeza mafuta kwa kuifuata geji anaharibu zaidi. Sensa isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme wakati injini inafanya kazi, kwani masizi huiziba. Kama geji imetolewa, sensa nayo itolewe na tundu lizibwe kwa bolti.

Hukumu

Mwenye gari la kawaida la Japani asinunue geji hii. Atumie fedha kwa skana nzuri, fundi anayejua kuisoma, na sensa sahihi ya spea pale tu ilipothibitika kufa. Mwenye kabureta amtafute fundi mwenye kipimo cha wigo mpana, alipie huduma, aende zake. Aliyefunga gesi asilia adai majibu ya lamda kutoka kwa aliyemfungia mfumo, yakiwa yamepimwa gari likiwa na mzigo. Mwenye tabo iliyoongezewa presha asiendeshe bila geji ya wigo mpana, yenye LSU 4.9, inayorekodi, na iliyofungwa kwenye ekzosi isiyovuja.

Geji ya taa za rangi inayotegemea sensa ya wigo mwembamba haimfai yeyote kati yao. Nanyi wenye gereji, nunueni kipimo kimoja kizuri cha wigo mpana kwa gereji nzima, mpime kabla ya kubadilisha spea, na mumwonyeshe mteja namba kabla hamjamwonyesha ankara.